Mwaka Niliokula Mbele ya Watu

Maman Nsimire tulimzika Jumanne, chini ya mvua. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake, baada ya kugombana asubuhi hiyohiyo na mjukuu wake juu ya maharage yaliyoungua, na nadhani kama angeulizwa angechagua kufa vilevile. Kwenye kilio nilikuwa nimepata kiti chema chini ya hema, chenye mgongo na mto, kwa sababu kipaji pekee nilichopewa na Mungu ni kuona kiti chema kabla ya wengine. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili nisiowafahamu. Sahani za wali na nyama zilipoanza kuzunguka, mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, “Mi sikule apa. Haujue huyu maman alikuwaka nani? Njo ule wa ku hoteli, ule wa karuho.” Mwenzake akairudisha sahani kwenye sinia, akajipangusa vidole. Kwa wasomaji wasio wa Bukavu niseme kwamba njo yetu ni ndiyo, na karuho ni sumu ya mkononi, ile inayosemekana hutiwa kwenye kinywaji au chakula chako na mtu anayekuchekea, na mwanamke akishabandikwa jina hilo hakuna sabuni ya kuliondoa. Nilitaka nigeuke niwajibu. Magoti yangu siku hizi hayageuki upesi, na nilipofaulu kugeuka wale wawili walikuwa wamekwenda kutafuta soda ambazo bado zina vifuniko. Basi nitawajibu hapa, nikiwa nimekaa. Ndivyo nilivyopigana vita vyangu vyote.

Sitasema nilizaliwa kwa nani, haisaidii. Naanzia kwenye mlango wa jikoni wa hoteli, mwaka nilipomaliza sekondari, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Nilikuwa na diploma yangu kwenye fremu na sikuwa na mpango wa kwenda popote. Wenzangu wa darasa walikwenda Kinshasa, walikwenda Lubumbashi, wengine waliingia misitu ya Shabunda kutafuta dhahabu. Mimi nilikaa barazani nikiwapungia mkono. Watu wakiniuliza ninangoja nini, nilijibu kwamba nikishajua nitawaambia. Jirani mmoja aliyechoka kuniona pale akanitafutia kazi ya kuhudumu mezani katika Hôtel des Brumes, ambayo sisi tuliiita Hoteli ya Ukungu. Nilikubali kwa sababu ilikuwa karibu na kwetu na njia ilikuwa ya kuteremka. Kurudi nilikuwa sijafikiria.

Ilikuwa nyumba ya wakati wa Wabelgiji, imekaa kwenye mteremko juu ya ziwa, ukuta wake wa mbele umeviringa kama tumbo la mtungi, madirisha ya chuma, sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka unajiona meno. Kwenye chumba cha kulia mlikuwa na cheminée, ile sehemu ya moto ndani ya ukuta. Watu wa Uvira hutucheka kwamba sisi tunawasha kuni sebuleni kama tuko Ulaya. Wacheke tu, hawajaoga maji ya Bukavu asubuhi ya mwezi wa saba. Wageni wetu karibu wote walikuwa ni watu wa kwenda mlimani, kule Kahuzi, kuwaangalia sokwe. Walilala kwetu siku ya kwenda, na walilala kwetu siku ya kurudi. Walikwenda wasafi. Walirudi na matope mpaka kiunoni, na macho ya mtu aliyemkuta mkwe wake anaoga. Sikuwahi kuelewa sababu ya mtu kuvuka bahari ili aje kupanda kilima chenye maji. Mimi ngazi za hoteli zilinitosha, na nazo nilizipanda nikipumzika katikati, ndiyo maana jikoni walinipa jina la Madame Fauteuil, yaani bibi wa kiti cha kuegemea. Jina hilo ninalo hadi leo. Hata kasisi analitumia, akidhani ni la ukoo.

Hoteli ilikuwa na desturi yake. Jioni kabla ya kupanda, wasafiri na mwongozaji wao walikula meza moja, ile ndefu karibu na moto, kutoka chungu kimoja: bugali, mboga za lenga-lenga, na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, waliopikwa na nyanya mpaka wanaachana wenyewe. Chakula kikishawekwa, Maman Nsimire alitoka jikoni mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubeba magunia, akajifunga kitenge upya, akachukua kijiko na kuonja kila kitu mbele yao akiwa amesimama. Kisha akasema, “Mukule,” akarudi zake jikoni. Sisi tulijua maana yake. Kwetu anayekupa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hunywa wa kwanza, na chupa inafunguliwa mbele ya macho yako au haifunguliwi. Wageni walidhani ni sala. Kuna Mjerumani mmoja alikuwa anainamisha kichwa kila mara.

Siku moja mwongozaji alichelewa. Alikuwa Papa Zihindula wa Miti, mji mdogo chini ya Kahuzi, mtu wa heshima aliyekuwa akiingia msitu ule tangu ujana wake, na gari lilimharibikia njiani saa nyingi. Alipofika, wenzake walikuwa wanakunywa chai na chungu kilishaoshwa. Maman Nsimire, kwa huruma yake, alikuwa amemwekea sahani pembeni, imefunikwa, karibu na makaa ili isipoe. Aliniambia, “Mupelekee, papa wa watu ana njaa.” Nikampelekea. Kokote kwingine duniani, nadhani, sahani uliyowekewa pembeni ni upendo. Kwetu sahani iliyofunikwa, yenye jina lako, ambayo hukuona imeonjwa, ni swali. Lakini alikuwa na njaa, akala, akashukuru. Kesho yake, katikati ya mianzi ya Kahuzi, alianguka akitapika damu. Wenzake wakamshusha mgongoni, na wasafiri wakarudi bila kuona sokwe hata mmoja, wana hasira kana kwamba alifanya makusudi.

Hakufa, na hospitali walisema ni kidonda cha tumbo, cha zamani, ambacho mwenyewe alikuwa anakitibu kwa kasiksi na ukimya. Jambo hilo lilisikilizwa kwa adabu na hakuna aliyeliamini. Nilikuwa nakunja mashuka na wasichana wa vyumbani nilipolisikia neno kwa mara ya kwanza. “Beko banasema ilikuwa ku ile sahani,” alisema mmoja, yaani wako wanasema. Mwingine akauliza sasa mbona wazungu waliokula chungu kilekile hawakupata kitu. “Karuho iko na akili,” alijibiwa. “Inajua mutu yake. Na muzungu haina damu ya kuisikia.” Nikawauliza Maman Nsimire angepata faida gani kutaka kumuua mzee wa Miti. Wakaniangalia kwa huruma. “Noëlla, weye ulisoma, ju ya ile hauone kitu.” Halafu mmoja akakumbuka kwamba aliyebeba sahani ni mimi, na mazungumzo yakahamia kwenye foronya.

Ndani ya wiki ile jikoni palibadilika. Wafanyakazi walianza kuja na chakula chao kutoka nyumbani, kimefungwa, na kukila wakiwa wameupa ukuta uso. Chungu cha wafanyakazi kikawa kinarudi kimejaa. Waongozaji wa Miti nao waliacha kula kwetu, kisha wakaacha kabisa kuleta wageni; waliwaambia wasafiri kuna hoteli nyingine zenye maji ya moto. Gérant wetu, yaani meneja, Monsieur Célestin, mtu wa tai na wa woga, alimwita Maman Nsimire ofisini, mlango ukabaki wazi kwa sababu hakutaka kufungiwa naye. “Maman, si upumuzike kidogo ku nyumba,” alimwambia. “Batu basahau.”

“Batu ba wapi, Monsieur?”

“Batu tu. Unajua vile beko.”

“Njo najua. Nikienda ku nyumba leo, kesho beko ku mulango yangu.”

Alisema kweli, na Célestin aliijua. Maman Nsimire alikaa Kadutu, peke yake na binti yake mdogo, kwenye kilima ambako nyumba zimeegemeana kama walevi. Watoto walishaanza kumfuata wakiliimba lile neno. Mwanamke anayefukuzwa kazi kwa jina hilo amekwisha kuhukumiwa, na baada ya hukumu hufuata vijana wenye mawe. Ile kazi ndiyo ilikuwa ukuta wake. Célestin alimpa mpaka mwisho wa kiangazi: waongozaji wakirudi, atabaki, wasiporudi, atakuja mpishi mwingine.

Nilisubiri ajitetee. Hakujitetea. Aliendelea kusafisha samaki. Nilimuuliza mbona hasemi kitu, akaniambia bila kuinua macho, “Niseme nini? Niseme siko mulozi? Mulozi njo vile anasemaka.” Sijui kilichonipanda kichwani. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa ni haki, au imani, lakini nafikiri ilikuwa ni uvivu uliokasirishwa: nilikuwa nimepata kazi karibu na nyumbani, na wenzangu ninaowapenda, na chakula cha mchana kitamu kuliko chochote nilichowahi kula, na watu wasionijua walitaka kuniondolea vyote hivyo kwa neno moja. Nilivua aproni. Nikaingia kwenye chumba cha kulia, ambako sisi wafanyakazi tulikatazwa kukaa, nikachagua meza ya dirishani inayoonekana na barabara nzima, nikavuta kiti, nikakaa. “Maman,” niliita, “nina njaa.”

Célestin alikuja mbio. Aliniambia meza hizi ni za wateja. Nilimwonyesha chumba, viti vyote vitupu, nikamuuliza ni wateja gani ninaowabana. Akaangalia dirishani, akaona watu wameanza kusimama, akarudi ofisini. Maman Nsimire akatoka na chungu. Usidhani nilikuwa sina woga. Mimi ni mtoto wa Bukavu. Nilinyonya woga huo pamoja na maziwa. Akaweka chungu mezani. Akajifunga kitenge upya. Akaonja bugali, akaonja lenga-lenga, akaonja sambaza, amesimama wima, kwa ajili ya msichana mmoja wa kuhudumu, kana kwamba mimi ni meza nzima ya wazungu. “Mukule,” akasema, akiniita wengi kwa heshima. Nikala.

Nilikula siku hiyo na siku iliyofuata na kila siku ya kazi baada ya hapo, saa ya watu kupita. Ng’ambo ya barabara alikuwa na cherehani yake fundi mmoja, Tonton Bahati, ambaye ndiye aliyekuwa redio ya avenue yetu. Hakuna kilichopita bila yeye kukitangaza. Alianza kunipigia kelele kutoka barazani kwake. “Madame Fauteuil, uko muzima?”

“Uulize kesho, Tonton.”

“Kesho nitakuya na mètre, nipime sanduku.”

“Upime vizuri. Ninakula mara mbili.”

Watu walicheka, na nikagundua kwamba mtu anayecheka amekwisha kusogea hatua moja karibu. Wakaanza kunisubiri. Walipita polepole kuona kama nimefumba macho. Wengine walisema sumu hii ni ya mwaka mzima, ngojeni tu. Wengine walisema mimi na yule mama ni kitu kimoja, mwalimu na mwanafunzi wake, na jamaa fulani wa kwaya akahama benchi kanisani nilipokaa karibu naye. Nikahamia benchi alilohamia. Wakati huo huo nilinenepa. Sketi zangu zilikataa kufunga na ikabidi nimpelekee fundi yuleyule azipanue, naye akazinyanyua mbele ya wateja wake, akazigeuza, akatangaza, “Mi nauliza tu. Ni karuho gani hii inanenepesha batu? Bibi yangu ameisha mifupa, bamuletee kidogo.” Nilikasirika kwa ajili ya sketi. Lakini mchana wa siku ile Tonton Bahati alivuka barabara, akafuta viatu vyake kwenye zulia la mlangoni, akaketi mbele yangu na kuomba sahani. Baada yake wakaja wengine wa avenue, mmoja mmoja, na msichana wa mashuka akarudi kwenye chungu cha wafanyakazi kwa kisingizio kwamba amesahau chakula chake nyumbani. Leo hii vijana wananiambia uvumi unashindwa kwa elimu. Huenda. Mimi nilikuwa na diploma na haikunisaidia kitu, kilichonisaidia ni makalio.

Ila Miti haikucheka. Miti haikuniona nikila. Waongozaji walibaki na neno lao, kiangazi kikaanza kuisha, na mpishi mwingine akaletwa kuonyeshwa jikoni, kijana mwenye kofia nyeupe aliyeepuka kugusa vijiko. Siku aliyokuja, Maman Nsimire alipika chungu cha sambaza tangu alfajiri, akakifunga kwa kitenge, akaniambia, “Vaa viatu. Tunaenda kwa Zihindula.” Nilimwambia mimi si mtu wa safari. “Unajua kukaa,” akajibu. “Kule nahitaji mutu anajua kukaa.”

Tulipanda nyuma ya pick-up ya wachuuzi wa kabichi. Miti si mbali, wenye miguu huenda na kurudi, lakini mimi sikuwa nimewahi kutoka nje ya Bukavu, na kabla ya nusu ya njia barabara ilikuwa imenishika tumbo. Nilishika ukingo wa gari nikafumba macho. Maman Nsimire, chungu mapajani, aliniangalia, akawaangalia wachuuzi wanaotuangalia, akaniinamia sikioni. “Noëlla, tafazali. Usitapike. Leo isiwe weye.” Sijawahi kupewa kazi ngumu kuliko hiyo. Niliifanya mpaka Miti, nikimeza.

Papa Zihindula alikuwa amekaa uani kwake, chini ya paa la nje, ndani ya koti zito, amekonda, ngozi ya mashavu imelegea. Mkewe alitupatia vigoda karibu naye lakini hakutukaribisha ndani. Habari ilikuwa imetutangulia: kwenye uzio walishasimama majirani, na kati yao waongozaji watatu wanne niliowafahamu kutoka meza yetu ndefu. Kwenye pengo la kuingilia walisimama vijana wawili. Waliziba njia ya kutoka. Maman Nsimire alisalimia nyumba nzima, akaweka chungu chini, akakifungua, akaonja. Alionja bila haraka, akameza, akafungua mdomo kuonyesha ni mtupu.

“Papa, ile siku haukuniona nikionja,” alisema. “Hii kosa njo yangu, iko hii moja tu. Leo unaniona.”

Zihindula aliangalia chungu. “Sina njaa, maman.”

“Haina mambo. Tutangoja.”

“Mutangoja nini?”

“Njaa. Njia yayo njo hii, itapita apa tu.”

Basi tukangoja. Mvua ya kwanza ya msimu ikashuka, majirani wakajibana chini ya migomba na hawakuondoka. Maman Nsimire alikaa mgongo wima, mikono magotini. Mimi niliegemea ukuta wa udongo na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikajua nimezaliwa kwa nini. Wengine huja kutoka mbali wakaupande mlima. Mimi nilikuwa nimekuja kuukalia miguuni. Mawingu yalifunguka kidogo nyuma ya nyumba na mtu akasema tazameni, Kahuzi imetoka. Sikusimama kuangalia, kigoda kingechukuliwa. Mmoja wa wale vijana akauliza kwa sauti, si kwa yeyote, “Sasa hawa bamama banaendaka saa ngapi?” Nikamjibu kwamba mimi sina watoto, sina shamba, na kwetu hawanitazamii, asiwe na wasiwasi. Waongozaji wawili wakatazama chini kuficha meno.

Baadaye njaa ikapita kweli, ila ikanishika mimi. Nilisema, “Maman, kama papa hataki, mi nakula.” Nikapakua, nikala, kwa sauti, nikilamba vidole. Mke wa Zihindula alikuwa mlangoni, ananitazama kila ninapomeza. Hatimaye akauliza, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu vigoda, “Uliweka pilipili?”

“Haiko,” alijibu Maman Nsimire. “Tumbo yake haipende.”

Sijui mke yule alifikiri nini. Nimejiuliza mara nyingi, hata kwenye mazishi nilijiuliza. Alikuja, akachutama, akachota kwa kidole, akaonja. Akabaki amechutama, macho juu kwenye mvua, sisi wote tukimtazama koo. Kisha akachukua kijiko, akakijaza, akaenda akampa mumewe mkononi, kama mtu anayemwambia jambo hili alimalize.

Zihindula aliweka kijiko mdomoni. Akatafuna sambaza wadogo wale kana kwamba wana mifupa ya ng’ombe. Akameza, akajishika tumbo kwa mkono ulio wazi, akasikiliza. Akachota tena. Halafu akasema, akiwaza, “Chumvi haitoshe.”

Maman Nsimire alikuwa ameitwa mlozi tangu wakati wa kupanda maharage na hakuinua sauti hata siku moja. Sasa aliinuka kutoka kwenye kigoda. Akamuuliza chumvi ya wapi. Akamuuliza kama anajua yeye amewapikia watu wa mataifa gani, na nani kati yao aliwahi kuomba chumvi. Akamuuliza kama kule msituni sokwe ndio waliomfundisha kuonja. Mke wa Zihindula akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, waongozaji wakacheka mpaka wakashikana, hata vijana wa pale pengoni walikaa chini. Zihindula alivuta chungu karibu na miguu yake, na huku akitukanwa kwa Kiswahili na kwa Mashi, kichwa kimeinama, alikula mpaka chini.